Tiki Nilizopiga Buguruni

Mwanangu Zuhura,

Hali yako siiulizi, kwa sababu asubuhi nimekuona kwa macho yangu ukimaliza chapati tatu na kuitazama ya nne. Mimi mwilini sijambo. Kichwani ndiko sijui nikuambie nini. Nimekaa kibarazani na cherehani yangu, jua la saa nane limenifuata mpaka miguuni, na wale vijana wa viatu hapa mbele wana kipaza sauti kinachorudia maneno yale yale tangu asubuhi. Wewe na mama yako mmekwenda Buguruni kumuaga shangazi yako. Nilisema nabaki kumalizia gauni lako la kijani. Gauni limekwisha tangu jana, mama. Nimebaki ili nikuandikie.

Kesho alfajiri unapanda basi kwenda Rukwa, kufundisha katika shule ya msingi ya serikali ambayo hapa Kariakoo hakuna aliyewahi kuisikia. Habari za chandarua, maji ya kuchemsha na blanketi mama yako ameshakueleza mara nne, na ya tano atakueleza stendi mbele za watu. Mimi siziingilii. Mimi nina langu moja, limenikaa kooni wiki nzima kama mwiba wa samaki. Nimekwenda kwa mtu kuomba ubadilishiwe kituo cha kazi, ubaki Dar. Sikukuambia. Mama yako pia sikumwambia. Na huyo mtu amekubali.

Nakujua, sentensi hiyo utairudia mara mbili ukidhani umesoma vibaya. Hujasoma vibaya.

Mtu mwenyewe ni Sudi. Utamkumbuka, mwenzetu wa zile Jumamosi, aliyekuwa na pikipiki isiyowaka mpaka isukumwe. Siku hizi ana meza ofisini, na meza yake inasikilizwa. Ameniambia nimjibu leo kabla ya saa tisa na nusu, ofisi zinapofungwa. Nikimpigia na kusema ndiyo, jina lako linahamia shule moja ya hapa hapa Ilala. Nikinyamaza, mambo yanabaki kama yalivyo na wewe unaondoka. Sasa ni saa nane na robo. Ndiyo maana mwandiko wangu unapanda na kushuka, usidhani ni uzee.

Kwanza nikulaumu kidogo, maana wewe ndiye uliyenivuruga. Siku majina yalipotoka ulikuja mbio hapa kibarazani, simu mkononi, ukanionyesha. Nikasoma Rukwa. Nikakutazama usoni nione kama ni kilio au kicheko. Ukasema, "Baba, si ndicho tulichokuwa tunakitaka? Walimu waende kusiko na walimu!" Nikasema ndicho. Wateja wawili wakakupongeza, nikajiona mtu mkubwa, nikawakatia vitambaa vyao vibaya, vyote viwili.

Siku ya tatu yake nilikuwa nyuma ya pazia nikikunja mashati, wewe uko uani unaongea na simu na rafiki yako. Ukasema, "Ningepangiwa Dar ningeruka ruka, shoga. Naogopa, sikufichi. Lakini nitamwambia nini baba? Utoto wangu wote amenizungusha kwenye mambo hayo." Kisha nikasikia unapenga kamasi.

Sikulala vizuri siku ile. Kumbe unakwenda kwa ajili yangu. Au ulikuwa na hofu tu, kama mtu yeyote anayehama, na hofu si kukataa? Nimelizungusha jambo hili kila upande kama mkono wa shati uliokatwa kinyume, haukai popote. Baada ya siku mbili nikavaa kanzu safi nikaenda kwa Sudi.

Sasa nataka nikueleze kwa nini kwenda kwa Sudi kulinitia aibu kuliko kungemtia aibu baba mwingine yeyote wa mjini hapa. Unajua baadhi, lakini ulikuwa mdogo, na mengine nilikuficha.

Yote yalianza na pini. Desturi yangu katika sare za shule, tangu nijifunze kazi, ni kwamba nikishampima mtoto namwambia aandike jina lake mwenyewe kwenye kikaratasi, nakibana kwa pini kwenye kitambaa chake nisije nikachanganya. Mwaka mmoja, msimu wa kufungua shule, akaja mtoto wa darasa la nne, nikampa kalamu. Akaandika vitu kama vifaranga vilivyokanyagwa. Nikacheka, nikadhani ananitania. Akaja wa pili, akaja wa tano. Kuna mmoja alimwomba mdogo wake wa chekechea ya kulipia amwandikie. Nikavichukua vile vikaratasi nikavuka barabara kumwonyesha Mama Kimaro, yule Mchaga wa duka la madaftari. Akavitazama, akavua miwani, akasema, "Mimi nawauzia madaftari hawa. Wanayajaza nini?"

Ndiyo ikawa kundi letu. Wazazi wa Jumamosi, tulijiita hivyo kwa kukosa jina zuri zaidi. Fundi, muuza madaftari, Sudi na pikipiki yake, mama mmoja nesi wa Gerezani, na wengine walioingia na kutoka. Hakuna aliyetulipa. Mama Kimaro akatoa hadithi fupi kwenye karatasi, mistari sita, ya mbuzi aliyekula kofia ya babu. Tukawa tunaingia nyumba hadi nyumba, tunamwomba mzazi ruhusa, tunampa mtoto asome. Akisoma tunapiga tiki, asiposoma tunaweka mkato. Sheria ilikuwa moja, na Mama Kimaro aliirudia kila Jumamosi kabla hatujatawanyika: usimsaidie mtoto, na usimhurumie kwenye karatasi. Makaratasi yale yangekwenda ofisi ya kata, na shule zenye mikato mingi ndizo tungeziombea walimu na vitabu.

Wewe ulikuwa na miaka tisa. Ulibeba kalamu na ukajiona waziri.

Nakumbuka nyumba ile ya Buguruni, vyumba sita vya kupanga na uwanja mmoja katikati, mama anakaanga vitumbua. Akatukaribisha kwa mkono wenye unga. Aliniita mwalimu, nami sikumsahihisha, hilo nalo ni kosa. Akamwita binti yake, Saada, wa rika lako, akampangusa uso kwa upindo wa kanga. "Huyu ndiye tegemeo langu, mwalimu," akasema. "Mimi shule sikwenda. Soma mama, wakusikie." Majirani wakatoka milangoni.

Saada akaishika karatasi kwa mikono miwili. Akaanza. Zuhura, ulimsikia. Alisoma kwa sauti safi, kidole kinatembea mstari kwa mstari, anapumzika penye nukta. Alisoma habari za simba aliyekwenda sokoni kununua viatu, akakosa saizi yake, akarudi porini analia. Hadithi nzuri kabisa! Majirani wakapiga makofi. Mama yake alifunika mdomo kwa ile kanga, macho yamejaa machozi, akaniuliza, "Amesoma eeh?"

Mwenye kujua ukweli uwanjani pale nilikuwa mimi. Na wewe. Na Saada mwenyewe, ambaye alinitazama kwa macho ambayo mpaka leo siwezi kuyaeleza. Alikuwa haniombi, alikuwa anasubiri.

Nikasema, "Amesoma." Nikapiga tiki.

Wewe ukanivuta kanzu. "Baba, hakusoma. Kwenye karatasi hakuna simba. Ni mbuzi." Ulisema kwa sauti yako ile isiyojua kunong'ona. Nikakufinya mkono. Nilikufinya kweli, nikakuambia, "Nyamaza, una kiherehere." Ukanyamaza. Mama yule akatufungia vitumbua kwenye gazeti, na njiani ulikataa kuvila. Mimi nilivila vyote, vyako na vyangu, ili nisiongee.

Ungedhani iliishia pale. Tiki ile moja ilinilegeza mkono. Nyumba ya pili palikuwa na bibi mgonjwa, nikaona nisimwongezee. Ya tatu baba alikuwa mkali, nikaogopa mtoto atachapwa nikitoka. Kila mlango ulikuwa na sababu yake, na zote zilikuwa sababu za kweli. Jumamosi tatu nilizunguka mtaa ule nikiwagawia watu tiki kama pipi. Nilirudi nyumbani nikiwa na moyo mwepesi, nikijiona mimi ndiye mwenye utu na Mama Kimaro ana roho ngumu.

Tulipokwenda kata, ofisa aliyetupokea alikuwa muungwana, akayapitia makaratasi moja moja. Akasema walimu wapya wachache wamepatikana na atawapeleka penye shida zaidi. Akataja shule. Ya mtaa ule haikuwamo. Mama Kimaro akauliza, akashangaa, kwa sababu madarasa ya shule ile tuliyaona, watoto wamebanana mpaka dirishani. Ofisa akamgeuzia karatasi. "Mama, nyinyi wenyewe mmeandika watoto wa huko wanasoma. Hao tutawajazia baadaye." Mama Kimaro akaniangalia mimi, maana mwandiko ulikuwa wangu. Akasema tu, "Basi kama fundi ameona wanasoma." Nikaitikia kwa kichwa.

Ningeweza kusema pale pale. Nilikuwa na ulimi, nilikuwa nimekunywa chai. Sikusema, na wala sijamwambia Mama Kimaro mpaka leo, ingawa namwona kila siku asubuhi akifungua duka lake na ananisalimia, "Umeamkaje, fundi?" Kundi likaendelea miaka, tukaenda ofisi nyingine kubwa zaidi kule Posta, nikawa ndiye msemaji kwa sababu nina sauti. Nilisimama mbele ya watu wenye tai nikasema walimu wanabaki mijini kwa vimemo na kujuana, na watoto wa mikoani wanabaki na ubao mtupu. Nilipigiwa makofi. Wewe ulikuwa nyuma na sare yako ya sekondari, ukapiga kuliko wote.

Unaona sasa nilivyofika kwa Sudi. Nilikaa kwenye kiti cha wageni, nikazungumza habari za joto na foleni, nikashindwa kuanza. Yeye ndiye aliyenisaidia. "Mzee wangu, sema tu. Ni Zuhura, si ndiyo?" Nikasema ndiyo. "Hiyo ishu ndogo, mzee. Niachie mimi." Ilikuwa nyepesi mno, mwanangu. Nilidhani patakuwa na kizuizi, nighairi mbele ya kizuizi, nirudi na heshima yangu. Hapakuwa na kizuizi chochote.

Nikamuuliza, "Na kule Rukwa?"

Akasema, "Kule watawajazia baadaye."

Hakujua anachosema. Siku ile ya kata alikuwa nje anasukuma pikipiki. Mimi nikaaga, nikatembea kwa miguu kutoka kule mpaka hapa. Na bado sikumwambia aache.

Kuna jingine. Mwezi uliopita alikuja dada mmoja kushonesha sare ya mwanawe wa darasa la kwanza. Mtoto aliandika jina lake, herufi kubwa kubwa, nikafurahi. Yule dada akanipa simu yake. "Mzee wangu shikamoo, hebu nisomee hapa, miwani nimeisahau." Mtu wa miaka ishirini na kitu, miwani ya nini? Nikasoma. Ulikuwa ujumbe wa mwalimu, kikao cha wazazi kimesogezwa mbele. Akashukuru, akachukua simu, akamshika mwanawe mkono.

Sina hakika kama ni Saada. Umbo hubadilika. Nilitaka kumuuliza jina, nikajikuta natafuta mkasi ambao ulikuwa mkononi. Alipoondoka nikakiinua kile kikaratasi cha mtoto, kina jina la mtoto na la baba tu. Tangu siku hiyo kila mwanamke wa rika lako anayesimama hapa kibarazani namtazama mpaka mama yako ameanza kuniuliza maswali.

Sasa ungetegemea baba mwenye mvi aliyepita yote haya akuambie jambo moja lililonyooka. Sina. Najua tu kwamba huruma yangu ina kasoro, inamwona aliye mbele yangu peke yake. Ilimwona mama wa vitumbua, haikuwaona watoto waliobanana dirishani. Na sasa aliye mbele yangu ni wewe. Watoto wa Rukwa siwajui sura. Najua tu wapo, na kwamba asubuhi moja wiki ijayo watasimama mstarini wakiambiwa mwalimu mpya anakuja. Nikijaribu kuwafikiria, unakuja wewe, unapenga kamasi uani.

Halafu nageuza upande wa pili. Kwa nini wewe ulipe tiki zangu? Kama ni adhabu, basi mimi ndiye wa kupanda lile basi na cherehani yangu kichwani. Naogopa kwamba nikinyamaza leo nitakuwa nakutuma ukanisafishie jina. Na nikimpigia Sudi nitakuwa nimekufinya mkono mara ya pili. Nakupenda, Zuhura. Nikiandika hivyo naona ndilo neno pekee lisilonichanganya, lakini halinisaidii kuamua, linasukuma pande zote mbili.

Ungeuliza kwa nini sikukuita tukakaa tukaongea kama watu. Kwa sababu ungenitazama usoni ujue nataka jibu gani, kisha ungenipa hilo. Ndivyo ulivyo tangu utotoni, isipokuwa siku moja tu.

Saa tisa na dakika ishirini. Simu iko juu ya meza ya cherehani, kando ya bobini ya uzi. Nimeishika mara mbili. Mara ya kwanza akaja mteja kuuliza zipu. Mara ya pili hakuja mtu yeyote, niliirudisha mwenyewe.

Nimefungua droo ya chini, ile ya vifungo visivyo na wenzake. Nakala zangu za kaboni za makaratasi ya Buguruni zipo, zimekuwa za kahawia. Ya juu ni ya nyumba ile. Jina la Saada, tarehe, tiki yangu, na pembeni doa la mafuta ya kitumbua. Sikumbuki niliyahifadhi kwa nini. Pengine nilidhani siku moja nitakwenda kuyasahihisha.

Simu inalia. Ni Sudi.

Imelia mpaka ikakata. Imelia tena. Kijana wa viatu amenipigia kelele, "Fundi, simu hiyo!" Nikamwambia nimeisikia. Nimeendelea kukuandikia, na mstari huu unaousoma niliuandika nikiitazama inatetemeka mpaka ikaisogeza bobini.

Saa tisa na dakika arobaini sasa. Imenyamaza.

Usije ukawaambia watu kwamba baba yako aliamua. Sijui kama niliamua au nilichelewa tu huku nimeshika kalamu. Pengine nilijificha ndani ya barua hii kama nilivyojificha ndani ya vile vitumbua. Kesho nikikuona dirishani pa basi huenda nikajuta, na huenda nikapiga simu stendi pale pale kama kichaa.

Nawaona mnakuja kutoka upande wa Msimbazi. Mama yako yuko mbele kama kawaida, wewe una mfuko wa shangazi yako begani na unacheka jambo. Sijui unacheka kweli au unamchekea mama yako. Nina dakika chache.

Barua hii naitia kwenye mfuko wa ndani wa gauni la kijani, naufunga mdomo wake kwa bandi, mishono mirefu ya mkono ambayo ukucha wako unaifumua. Ukiigundua usiku huu, ukaona baba yako hana haki ya kukunyamazia, niamshe. Namba ya Sudi iko nyuma ya karatasi hii na nitampigia mbele yako nimuulize kama bado inawezekana, pamoja na haya zangu zote. Ukiigundua Rukwa, nitakuwa nimeshavuka barabara na kumwambia Mama Kimaro habari za makaratasi yale. Hilo nalifanya, utakwenda usiende. Nimeliandika hapa ili unishike nalo.

Ndani ya barua nimekunja ile karatasi ya Saada. Tiki nimeikata kwa kalamu nyekundu, nikaandika pembeni, bado hajasoma. Ukisimama mbele ya watoto wako, wapo watakaokusomea vizuri sana yale ambayo hayapo. Waandike kama walivyo, kisha ukae nao.

Na mkono ule niliokufinya, nisamehe, mama. Ulikuwa na miaka tisa na ulisoma kuliko mimi. Kwenye karatasi hapakuwa na simba.

Baba yako,
fundi wa sare